Upepo wa baharini umepimwa na nani? Ulinganisho wa setilaiti na data ya mawimbi kwa mtu wa Dar

Mwezi wa saba, pale Feri, jua ndiyo kwanza limechomoza. Mashua za usiku zimeshashusha, mnada umechangamka, na mzee mmoja aliyewahi kuendesha jahazi la Mafia amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho kwenye mlango wa bandari. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema bila kuulizwa: "Leo kusi imeamka vibaya, mwanangu. Nje kule povu tupu." Nikatoa simu nikamwonesha ramani ya rangi, mishale yote inaelekea kaskazini-magharibi. "Hapa wanasema noti kumi na nane, mzee." Akaitazama, akanirudishia.

"Wanasema akina nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ramani ile ilitoka kwenye programu ya Windy, nayo haipimi upepo. Inachora matokeo ya modeli za hali ya hewa, kama ile ya kituo cha Ulaya cha ECMWF au GFS ya Marekani. Modeli nazo hulishwa vipimo, na huku kwetu vipimo vingi vya upepo wa juu ya bahari hutoka kwenye setilaiti, maana maboya yenye vipimaupepo ni ya kuhesabu. Kwa hiyo nyuma ya mishale ile kuna mitambo ya aina nne au tano, na kila mmoja una jicho lake na upofu wake. Nimeipanga hapa sambamba kwa ajili ya watu watatu ninaowajua: mwanafunzi wa Mlimani anayeandika tasnifu, mwenye boti ya kupeleka watalii Mbudya, na mtu wa meli anayetaka kujua bahari ya nje ya Mafia imekaaje. Mahitaji yao hayafanani hata kidogo, ingawa wote watatu waliniuliza swali lilelile: "Nitumie ipi?"

Wote wanatazama maji

Tuelewane kwanza. Hakuna setilaiti kati ya hizi inayouona upepo wenyewe. Zinaona maji, kama mzee wa Feri. Upepo ukianza kuvuma juu ya bahari iliyolala huukwaruza uso wake, vikatokea viwimbi vya sentimita chache. Ukizidi, mawimbi yanakua. Ukizidi tena, vilele vinavunjika na kuwa povu. Ngazi za Beaufort, zilizoanza mwaka 1805 kwa kuhesabu matanga ambayo manowari ingeweza kubeba, baadaye ziliongezewa sura ya bahari. Mawimbi ya wastani yenye povu jingi kila upande ni ngazi ya 5, noti 17 hadi 21. Yaani mzee na simu yangu hawakuwa wakibishana.

(Noti hapa si za benki. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, kilomita 1.852. Faili za setilaiti hutumia mita kwa sekunde. Zidisha kwa mbili upate noti kwa makadirio ya kichwani.)

Kasi inayotolewa ni ya upepo wa mita 10 juu ya maji. Ukilinganisha na boya ambalo kipimaupepo chake kiko mita 4, boya litaonesha pungufu kwa kama asilimia 9, na hakuna aliyekosea. Ukilinganisha na kipimaupepo kilichofungwa juu ya paa la baa ya ufukweni Kigamboni, hapo unalinganisha embe na ndizi.

Skaterometa na altimeta

Hawa ndio wagombea wawili wakuu, rada mbili zinazobebwa na setilaiti, na wanafanya kazi kwa kanuni zinazopingana. Panda pantoni ya Kigamboni usiku maji yakiwa yametulia, tazama taa za mjini zilivyolala juu ya maji: kila taa ina doa lake moja kali. Upepo ukija, doa linavunjika, mwanga unasambaa. Aliye pale mwanga ulipokuwa ukirudi moja kwa moja anaona umefifia, na aliye pembeni, ambaye mwanzo hakuona kitu, anaanza kuona vimulimuli.

Altimeta ni yule wa kwanza. Inarusha mpigo wa rada chini wima na kusikiliza mwangwi. Upepo ukiwa mkali, maji yamekwaruzika, mwangwi unaorudi ni dhaifu. Skaterometa ni yule wa pembeni: inatazama kwa mshazari, na kwake upepo ukizidi mwangwi unazidi, kwa sababu viwimbi vya sentimita chache vinairudishia rada mawimbi yake yenye urefu unaowiana navyo.

Skaterometa ya kuchagua leo ni ASCAT, iliyomo kwenye setilaiti za Ulaya MetOp-B, ya mwaka 2012, na MetOp-C, ya mwaka 2018. Rada yake ni ya gigahezi 5.255, urefu wa wimbi sentimita 5.7, na ina antena tatu kila upande. Kila kipande cha bahari kinatazamwa kutoka pembe tatu, na kutokana na tofauti za mwangwi huo unapata kasi na mwelekeo pia. Mwelekeo ndio utajiri wake. Inapima ukanda wa kilomita 500 na zaidi kila upande wa njia yake, na katikati, chini ya tumbo la setilaiti, inaacha pengo la karibu kilomita 700 ambalo haioni kitu. Kuna siku Dar inaangukia humo. Usifikiri faili limeharibika.

Hesabu ya mwelekeo nayo ina utata. Mara nyingi hubaki majibu mawili yanayotazamana, upepo wa kuja na upepo wa kwenda, na mtambo huchagua kwa kulinganisha na modeli. Kwa bahati nzuri sisi tuna msaada ambao mtu wa Ulaya hana: majira yetu. Mwezi wa saba ukiona kundi la mishale nje ya Mafia linaelekea kusini wakati majirani wote wanaelekea kaskazini, huna haja ya takwimu kujua kwamba mtambo umechagua jibu la kinyume. Kazi ngumu iko kwenye tangambili, mwezi wa nne na wa kumi na moja, upepo ukiwa mdogo na haujui unakotaka kwenda. Hapo hata mimi simwamini mtu.

Na hapa pana mtego wa lugha. Sisi tunauita upepo kwa unakotoka: kaskazi inatoka kaskazini, kusi inatoka kusini, sawa na wataalamu wa hali ya hewa. Lakini faili nyingi za data ya bahari hutoa vipande viwili, cha mashariki na cha kaskazini, vinavyoonesha upepo unakokwenda. Mwaka wangu wa kwanza na data hizi nilichora kaskazi ikivuma mwezi wa nane. Mchoro ulikuwa mzuri sana.

Altimeta haina mwelekeo kabisa. Badala yake inakupa mambo matatu kwa mpigo mmoja: muda wa mwangwi unakupa kimo cha bahari, mwinuko wa ukingo wa mwangwi unakupa urefu wa mawimbi, na nguvu ya mwangwi inakupa kasi ya upepo. Kati ya setilaiti zinazoibeba, Jason-3, iliyorushwa Januari 2016, na Sentinel-6 Michael Freilich ya Novemba 2020 ni za ukoo wa TOPEX/Poseidon ulioanza 1992. Sentinel-3A na 3B ziko pembeni yao. Udhaifu ni kwamba inaona mstari mwembamba wa kilomita chache tu chini yake. Ukoo wa Jason hurudia mstari uleule kila baada ya siku 10 hivi, na kwenye ikweta mstari mmoja na wa jirani yake wametengana kilomita 315. Kutoka Tanga hadi Mtwara utapata mistari ya kuhesabu kwa vidole. Ukingoja altimeta ikuambie upepo wa leo wa Dar, utangoja sana.

Kwa usahihi wa kasi hawatofautiani kwa kiasi cha kukufanya ubadilishe mawazo. ASCAT ililengwa kutozidi kosa la mita 2 kwa sekunde na kwa kawaida hufanya vizuri zaidi ya hapo; altimeta hukaa karibu na mita 1.5. Tofauti iko kwenye saa, na hili ndilo jambo ambalo watu wa Dar hulisahau. MetOp huvuka ikweta saa tatu na nusu kwa saa za jua, asubuhi na usiku, kwa hiyo kwetu hupita kati ya saa tatu na saa tano hivi. Upepo wa mchana wa pwani, ule unaoinuka ardhi ikipata moto na kufikia kilele alasiri, ule unaozirudisha boti za Bongoyo zikiwa zimelowa, unainuka baada ya setilaiti kupita na unalala kabla haijarudi. Ukichukua wastani wa ASCAT wa miaka kumi mbele ya Dar, unachukua wastani wa asubuhi na usiku. Setilaiti nyingine zenye skaterometa zina saa zake: HY-2B ya China hupita alfajiri na magharibi, Oceansat-3 ya India adhuhuri na usiku wa manane. Mwanafunzi anayetaka mzunguko wa siku nzima aziunganishe, akikumbuka kwamba hizi mbili hutumia wimbi fupi la sentimita 2 na kidogo, ambalo matone ya mvua hulivuruga kuliko lile la ASCAT.

Tena kuna mkondo. Setilaiti inapima upepo kama maji yanavyouhisi, si kama nguzo iliyochimbiwa ardhini inavyouhisi. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima mbele yetu, na wakati wa kusi unaweza kupita mita 1 kwa sekunde. Kusi ya mita 8 kwa sekunde juu ya maji yanayokimbia nayo mita 1 huonekana na setilaiti kama mita 7. Wakati wa kaskazi mambo yanageuka: upepo na mkondo vinakabiliana, setilaiti inaongeza, na bahari nayo inapanda mawimbi mafupi yaliyosimama ambayo kila baharia wa mashua anayajua mgongoni mwake. Mwenye kulinganisha misimu miwili asipoliona hili atapata "mabadiliko" ambayo ni ya maji tu.

Je, mawimbi yenyewe hayatoshi?

Watu wengi huishika njia hii kwa sababu inaonekana rahisi. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zimetuzoesha kuvisikia viwili pamoja: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Basi mtu anasema, nikijua mawimbi nitajua upepo.

Hesabu ipo. Mwaka 1964 Pierson na Moskowitz walionesha bahari iliyokomaa inakuwaje, yaani bahari ambayo upepo umeipiga muda mrefu, juu ya uwanja mpana wa maji, hadi mawimbi hayawezi kukua tena. Kwa upepo wa mita 10 kwa sekunde mawimbi hufika karibu mita 2.5. Kwa kilomita 40 kwa saa yangefika karibu mita 3. Taarifa ikisema mita 2 haijakosea: bahari yetu mara nyingi haikomai. Mlangobahari wa Zanzibar una upana wa kilomita 35 hadi 40 hivi, Unguja imesimama mbele, na upepo haupati uwanja wa kukimbia. Kwa hiyo ndani ya mlango ukisoma upepo kutoka kwenye urefu wa mawimbi, utausoma mdogo kuliko ulivyo.

Nje ya hapo kosa linageuka upande. Kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi dhoruba hazikomi, na mawimbi yake husafiri. Wimbi lenye kipindi cha sekunde 12, yaani muda kati ya kilele kimoja na kinachofuata, hupeleka nguvu zake kwa kilomita kama 34 kwa saa. Kilomita 4,500 huzimaliza kwa siku tano na nusu. Linakufikia Ras Kutani bila upepo wake. Siku moja nilitumwa nimwambie mwenye boti kama bahari inaendeka. Nikaona mawimbi ya mita 1.2, nikapiga hesabu ya Pierson na Moskowitz kinyumenyume, nikapata upepo wa mita 7 kwa sekunde, noti 13 na zaidi, nikamwambia asitoke mapema. Akanipigia simu saa nne: bahari kama mafuta, boti inakwenda mrama polepole, bendera haitikisiki. Yalikuwa mawimbi ya mbali. Abiria wake walishakwenda na boti nyingine.

Pale wimbi linapofaa kweli ni katika kazi mbili. Ya kwanza iko ndani ya altimeta yenyewe. Bahari mbili zenye upepo uleule, moja ikiwa na mawimbi ya mbali na nyingine haina, zinarudisha mwangwi usiolingana. Kanuni ya Gourrion na wenzake ya mwaka 2002 hutumia urefu wa mawimbi pamoja na nguvu ya mwangwi ili kuondoa sehemu ya kosa hilo. Ukipakua kasi ya upepo ya Jason, mawimbi yameshafanya kazi yake humo.

Ya pili ni maboya madogo yanayoelea huru, kama Spotter ya Sofar Ocean. Hayana kipimaupepo. Yanapanda na kushuka na maji, na kutokana na mwendo huo yanagawa nguvu za bahari kwa vipindi: mawimbi marefu huku, mafupi kule. Siri ni kuacha urefu wa jumla na kutazama mkia, mawimbi mafupi ambayo upepo wa hapo hapo ndio unayazaa na kuyavunja. Mkia huo hupanda na kushuka na upepo, na mwelekeo wake ndio mwelekeo wa upepo, hata kama chini yake mawimbi ya kusini yanapita kivyao. Setilaiti CFOSAT ya China na Ufaransa, ya Oktoba 2018, iliyaweka mambo haya pamoja: chombo kimoja cha kusoma mawimbi kwa urefu na mwelekeo, kingine skaterometa ya upepo, vyote juu ya maji yaleyale kwa wakati mmoja.

Jambo moja kwa mwenye boti, kabla sijalisahau: "urefu wa mawimbi" wa setilaiti na wa modeli ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Ukisoma mita 2, ukikaa baharini saa kadhaa jiandae kukutana na moja linalokaribia mara mbili yake.

Karibu na nchi

Skaterometa na altimeta hupofuka pale ambapo boti zetu nyingi zipo. Rada ikigusa ardhi, mwangwi wa ardhi unafunika wa maji. Data ya ASCAT iliyochakatwa kwa ajili ya pwani hukaribia hadi kilomita 15 au 20 kutoka ufukweni. Toa hizo upande wa Bara, toa hizo upande wa Unguja, mlangobahari umebakiwa na nini? Mbudya na Bongoyo zimo ndani ya upofu moja kwa moja.

Hapo anaingia SAR, rada ya picha ya setilaiti za Sentinel-1. Hii inaona vitu vya mita 20, na kutoka humo hutolewa upepo kwa vipande vya kilomita moja. Niliona mara ya kwanza picha yake ya mlango wakati wa kaskazi na nikakaa nayo jioni nzima. Kivuli cha upepo nyuma ya Unguja kinaonekana, kisiwa kisicho na mlima wowote, na mahali upepo unapochipuka upya. Madoa meupe ya meli zikisubiri zamu ya bandari. Michirizi myeusi ambako upepo umeshuka chini ya mita 2 au 3 kwa sekunde na rada haipati kitu cha kushika. Hakuna mtambo mwingine katika orodha hii unaokuonesha hayo.

Bei yake ni muda. Setilaiti moja hurudia njia yake kila siku 12, na Sentinel-1B ilipokufa Desemba 2021 tulibaki na moja hadi 1C iliporushwa Desemba 2024. Hupita kwetu kwenye mapambazuko au magharibi. Tena haina mwelekeo wake yenyewe. Huazima kutoka kwenye modeli, na modeli ikikosea pembe, kasi nayo inakosea. Faili ni kubwa, na kama unapakua kwa bando la simu, fikiria mara mbili. Kwa kusoma tabia ya mahali, mathalani wapi upepo hujikusanya kati ya Kunduchi na Ras Kanzi, ni bora kuliko zote. Kwa kujua kama utoke leo, haikusaidii.

Mvua na tufani

Radiometa nitaipita haraka. Hairushi kitu, inasikiliza mnururisho wa bahari yenyewe, ambao huongezeka povu likiongezeka. Kumbukumbu zake za upepo zinaanza mwaka 1987 na SSM/I. Lakini doa lake, eneo inaloliona kwa mara moja, ni la makumi ya kilomita, mvua inaivuruga, na ardhi inang'aa mno machoni mwake. Kwa mtu anayefanya kazi mbele ya Dar, iache.

CYGNSS inastahili maneno mawili. Ni kundi la setilaiti ndogo za Marekani, zilirushwa nane Desemba 2016, na zinazungukia ukanda wa tropiki tu. Hazirushi rada: zinasikiliza ishara za GPS zilizogonga bahari zikaruka. Wimbi la GPS ni la sentimita 19, na mvua hailigusi sana. Hiyo ndiyo faida yake, kwamba katikati ya mawingu mazito inaendelea kuona, na hupita mara kadhaa kwa siku kwa saa zinazobadilika, hivyo hata upepo wa alasiri wa kwetu unaingia. Hasara ni kwamba haina mwelekeo, vipimo vyake huyumba zaidi ya vya ASCAT, na data zake za kisayansi huchelewa kwa siku kadhaa.

Kimbunga Hidaya kilipoingia Mafia tarehe 4 Mei 2024, wengi tuligundua kwamba huu si mjadala wa watu wa Madagascar na Msumbiji peke yao. Kwenye kimbunga ASCAT inabaki na kazi moja kubwa: kuchora mpaka wa upepo wa noti 34, mahali ambapo bahari inaanza kuwa ya hatari. Ndani karibu na jicho, upepo ukipita mita 25 au 30 kwa sekunde, mwangwi wake unaacha kuongezeka sawasawa na kasi, na namba unayosoma itakuwa ndogo. Katika siku kama hizo, kaa na taarifa za Mamlaka, angalizo liwe angalizo na tahadhari kubwa iwe tahadhari kubwa, acha kuchora ramani.

Nani achukue nini

Mwanafunzi anayetaka miaka mingi: kama swali lako linahusu bahari ya wazi, anza na skaterometa, QuikSCAT kwa 1999 hadi Novemba 2009 antena yake iliposimama, kisha ASCAT. Usizishone pamoja bila kuangalia kipindi zilichofanya kazi pamoja, kwa sababu masafa ya rada zao na saa za kupita ni tofauti. Kama unataka upepo na mawimbi kwa miongo mitatu, altimeta, na kubali mistari michache. ERA5, modeli iliyoangalia nyuma hadi 1940 saa kwa saa, itakuvutia kwa sababu haina mapengo. Vipande vyake ni vya kilomita 31. Mbele ya Dar kipande kimoja kinameza ufukwe, mlango na nchi kavu, na upepo wake hulegea. Itumie kujaza, usiitumie kama shahidi. Zote hizi ni bure, za Ulaya kupitia Copernicus Marine na za Marekani kupitia NASA. Utahitaji kujiandikisha na kujua kufungua faili za NetCDF.

Mtu wa meli wa nje ya Mafia: ASCAT ya asubuhi na ya usiku, pamoja na modeli ya leo. Ukiona zimetofautiana zaidi ya noti 5 juu ya maji ya wazi, amini ASCAT kwa saa iliyopita na uishuku modeli kwa saa zinazokuja. Mawimbi yasome kwa kipindi chake, usisome urefu peke yake: mita 2 za sekunde 6 ni upepo wa hapo hapo, mita 2 za sekunde 13 ni wageni.

Mwenye boti wa Mbudya: samahani, karibu hakuna setilaiti itakayokusaidia siku ya safari. Tumia modeli yenye vipande vidogo, ile ya ECMWF ya kilomita 9, ongeza upepo wa alasiri kutoka kwenye uzoefu wako, na usome taarifa ya Mamlaka kabla hujapakia abiria.

Siku ya pili nilirudi Feri na jibu la mzee. Nikamwambia noti kumi na nane zilisemwa na modeli, na kwamba setilaiti iliyopita saa nne usiku uliotangulia iliona kumi na tano mashariki ya Fungu Kizimkazi.

"Saa nne nilikuwa macho," akasema, akisogeza ndoo kivulini. "Ilikuwa bado. Imepanda karibu na adhana."